Karatasi ya Tarehe Kumi na Nane

Polycarpe ni mtu wa kunyoosha karatasi. Umpe karatasi yenye pembe iliyokunjika, kabla hajaisoma ataiweka mezani na kuipitishia kiganja mara mbili, na isipolala ataiwekea kitabu juu. Nimefanya kazi naye miaka kumi na moja. Nimemuona akinyoosha hata karatasi iliyofungiwa mkate. Ofisi nzima humcheka. Mimi Valérie humcheka kuliko wote, kwa sababu meza yangu inatazamana na yake, na ulimi wangu, mama yangu alikuwa akisema, ulizaliwa siku moja kabla yangu.

Ofisi yetu iko Kolwezi, mji wa migodi, kwenye barabara iendayo kwenye mashimo ya mgodi uitwao Mashamba. Kampuni yetu haichimbi. Inawapelekea wachimbaji watu wa kazi: madereva, mafundi, wapishi, walinzi. Sisi makarani tunafanya pointage, yaani kuandika kila siku nani yuko kazini, nani hayuko, nani mgonjwa. Tulikuwa sita, kila mmoja na ekipi yake ya wafanyakazi, na Polycarpe ndiye chef wetu, yaani mkuu wetu.

Mmoja wa wale sita alikuwa Mama Bilonda, mjane wa mtaa wa Dilala, anayekaa katika mojawapo ya nyumba za zamani walizojengewa wafanyakazi wa migodi. Ndiye aliyemfundisha Polycarpe kazi alipoingia, kijana asiyejua hata kupiga mstari. Miaka minne baadaye Polycarpe akamuoa Falonne, mtoto pekee wa Mama Bilonda, na tangu siku ile wawili hawa hawakuongea tena.

Msidhani waligombana. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali meza moja, hawaitani kwa jina, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Ni heshima, na heshima ya mkwe ni nzito kuliko ya baba mzazi. Vijana wengi wa mjini wameilegeza. Polycarpe, kama mnavyoweza kukisia, hakulegeza chochote. Na alipopandishwa kuwa chef, mama mkwe wake akawa chini yake kazini, nami nikawa daraja lao bila mshahara wa nyongeza.

"Valérie," alikuwa akisema Polycarpe akitazama dirisha, "ambia mama karatasi ya jana iko na erreur, mistari ya tatu haiko sawa."

"Valérie," alikuwa akijibu Mama Bilonda akiwa mita mbili kutoka kwake, "ambia chef niliisha kuiona."

"Chef, aliisha kuiona," nilikuwa nikisema mimi, kana kwamba mwanaume ni kiziwi. Tulizoea. Kazi ilienda.

Mwezi wa tatu, mwaka 2020, ugonjwa ukaja na ofisi ikafungwa. Wafanyakazi wa mashimo walifungiwa ndani ya saiti, wakawa wanalala hukohuko wiki kwa wiki. Sisi makarani tulipewa simu moja moja na tukaambiwa tufanye kazi nyumbani. Wasimamizi wa saiti walitutumia picha za daftari zao, sisi tukaandika jedwali, na ilipofika saa tisa alasiri kila mmoja alimtumia Polycarpe karatasi ya siku. Yeye hujibu "bien reçu", yaani imefika salama, kisha hupeleka zote sita kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi, ambaye hakuamini kwamba mtu aliye nyumbani kwake anaweza kufanya kazi, akaongeza sheria yake. Kila asubuhi saa moja, kila karani ampelekee chef picha ya uso wake akiwa ameketi mezani. Wengine tulicheka, tukapaka poda, tukapiga picha. Polycarpe alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza mfupa.

"Valérie, mi nitatazama ginsi gani uso ya mama kila asubuhi, ndani ya simu yangu?"

"Funga macho, chef."

Hakucheka. Basi tukapatana kwamba Mama Bilonda atume picha kwangu, nami nimwandikie Polycarpe neno moja: "Nimemuona." Hivyo ndivyo tulivyofanya. Kila asubuhi nilipata uso wa yule mama, kitambaa kichwani, ukuta wa bluu nyuma yake, nami nikaandika nimemuona.

Mwezi wa sita Falonne akashikwa na homa na kifua. Alikuwa amekwenda Dilala kwa mama yake, na mama yake ndiye aliyemuuguza siku tatu kabla ya kumpeleka hospitali. Hospitali ikamlaza na kumrudisha mama nyumbani: alikuwa amemgusa mgonjwa, lazima abaki ndani siku kumi na nne. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe kumi na tisa, Falonne akafa. Alizikwa siku ileile. Waliruhusiwa watu wawili tu makaburini, Polycarpe na kaka yake. Matanga yalikuwa yamekatazwa.

Asiye wa kwetu anaweza kusema, matanga ni nini, ni kulala chini na kunywa chai. Lakini kwetu, mwanamke akifa kwa mumewe, ni kwenye matanga ndipo upande wa mume unapomsimamisha mtu wao mbele ya wakwe na kueleza. Ugonjwa ulianza vipi. Mlimpeleka wapi. Alisema nini. Nani alimuosha. Hueleza neno kwa neno, na wakwe huuliza, hukasirika, hulia, hata hutukana, na baada ya hapo mtu huweza kurudi nyumbani kwake. Mume mwenyewe hawezi kumwambia mama mkwe wake maneno hayo, wala mama mkwe hawezi kumuuliza. Ndiyo maana kuna matanga. Falonne hakupata, na hakuna aliyesimama kueleza chochote.

Jumamosi saa moja asubuhi, picha ya Mama Bilonda ilifika kwenye simu yangu kama kawaida. Kitambaa, ukuta wa bluu. Macho yalikuwa makavu. Niliitazama mpaka simu ikazima taa yake. Nikamwandikia "pole sana mama", kisha nikamwandikia Polycarpe "nimemuona". Naye akajibu "merci". Alikuwa amemzika mkewe jana, na saa moja ile alikuwa mezani.

Sitasema uongo kwamba nilifanya zaidi ya hapo. Niliogopa kwenda Dilala, niliogopa ugonjwa, nilikuwa na watoto. Ulipokwisha muda wa kuogopa, nilikuwa nimeshazoea kutokwenda. Huo ndio ukweli, na bado unaniudhi ninapousema.

Ikapita miezi. Wafanyakazi wakafunguliwa kutoka saiti. Kwenye lango kukawekwa mashine ya kusoma kadi, na mishahara ikafuata mashine, si karatasi zetu. Mtu mwenye akili angetuambia tuache kuandika. Lakini hakuna aliyetuambia, basi tukaendelea: saa moja picha, saa tisa karatasi, bien reçu. Polycarpe hakuchelewa kujibu hata siku moja. Ukimpigia simu kumwambia mtoto wako mgonjwa, alisema "sawa". Ukimwambia umeme umekatika tangu juzi, alisema "sawa". Nilimtania kwamba nikimwambia nyumba yangu inaungua atasema sawa. Akasema sawa. Nilikuja kumkuta sokoni mara moja, amesimama mbele ya mama muuza samaki, amepewa samaki wake, na haondoki. Nilimgusa mkono akanisalimu vizuri kabisa.

Mwezi wa tatu, mwaka 2022, tuliitwa kurudi ofisini. Kabla hatujarudi, kampuni ilimtuma kijana kutoka Lubumbashi kukagua kazi tuliyofanya nyumbani ili kuamua nani arudi na nani asirudi. Aliitwa Gael. Kijana mwenye adabu, viatu safi mno kwa vumbi letu. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu hakuja kumponya mtu. Siku ya tatu aligeuza kompyuta yake kuelekea kwa Polycarpe.

"Tata Polycarpe, samahani. Huyu Kabemba eko na ugonjwa gani?"

Kabemba alikuwa dereva wa ekipi ya Mama Bilonda. Tarehe 18 mwezi wa sita 2020 aliumwa tumbo, akaandikwa mgonjwa. Siku iliyofuata akapona. Mwaka mmoja baadaye aliacha kazi akarudi Sandoa kulima mihogo. Lakini kwenye karatasi za Mama Bilonda Kabemba alikuwa bado anaumwa. Aliumwa siku zaidi ya mia sita. Watu arobaini wengine wa ekipi walikuwepo wote, kila siku, Jumapili ya Pasaka hata Noeli. Ilikuwa karatasi moja, ile ya Alhamisi tarehe kumi na nane, na kila siku ilibadilishwa tarehe tu.

Polycarpe aliangalia kompyuta, akasema, "Sikukuwa nafungua."

"Za mama?" aliuliza Gael.

"Za bote."

Hapo mimi damu ikanipanda. "Hata zangu?"

"Hata zako, Valérie."

"Mi nilikuwa naandika na mutoto mugongoni! Nilikuwa natafuta réseau ya simu inje, mu mvua! Na we haukufungua hata moja?"

"Hata moja," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kusema sawa. Nilitaka kumrushia kikombe. Kisha nikakumbuka nyuso mia sita nilizoziona mimi, na maneno mia sita "nimemuona" niliyoyaandika, nikaketi.

Gael alieleza sheria, kwa upole. Kosa kama hili halipiti bila demande d'explication. Ni karatasi: juu chef anaandika kosa, katikati mfanyakazi anajieleza kwa mkono wake ndani ya saa arobaini na nane, chini kabisa chef anatoa maoni. Hapo kuna visanduku viwili. Kimoja kinasema maelezo yanaridhisha, cha pili hayaridhishi. Chef akikitia alama cha kwanza, Mama Bilonda anarudi kazini na kumaliza miaka miwili iliyobaki kufika pensheni. Asipotia, Mama Bilonda anaondoka, na nyumba ya Dilala ina wajukuu wanne wa marehemu dada yake wanaokula kwa kazi ile. Gael mwenyewe alitufungulia mlango: "Mkurugenzi atafuata tu alama ya chef. Mimi sitaongeza neno."

Yaani ilikuwa alama moja ya kalamu ya biki. Nilipumua.

Polycarpe aliandika kosa kwa Kifaransa kizuri, akanipa nipeleke Dilala, maana mkwe hampi mama mkwe karatasi ya mashtaka. Nilipanda pikipiki. Mama Bilonda alinipokea barazani, akavaa miwani, akasoma yote. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilimwambia nimekuja kwa aibu, nilipaswa kuja mwaka 2020.

"Ulikuwa na batoto, Valérie," alisema. "Kesho kutwa kuya kuchukua."

Nilirudi siku hiyo, nikapewa bahasha. Polycarpe aliifungua mezani kwake. Nilimuona akisoma, akarudia, akaendelea kurudia mpaka nikasimama nyuma ya kiti chake nikasoma nami. Mama Bilonda ana mwandiko wa walimu wa zamani, kila herufi imeketi. Aliandika hivi, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ambamo njo ni ndio na kuya ni kuja:

*Chef, karatasi ni yangu, mi njo nilikuwa nabadirisha date, hakuna mwengine. Tarehe 18 mutoto yangu alikuwa angali muzima. Kiisha pale sikuona kintu ya kuandika. Sasa na mi nauliza. Tangu miaka mbili nangoja batu ba upande yenu bakuye kutuelezea. Hakuna mwenye alikuya. Mulimuzika bila mi. Alikufa saa ngapi? Alisema nini? Nani alimuvalisha, na nguo gani? Unijibu ile. Kazi, ufanye nayo yenye unaona.*

Nilimwambia Polycarpe, "Tia alama."

"Ngoja."

"Tia alama, kiisha utalia, utafanya yenye unataka. Sanduku ya kwanza. Hii hapa."

Alichukua biki. Lakini hakugusa visanduku. Alianza kuandika kwenye mistari ya maoni ya chef, iliyokuwa minne tu, ikajaa, akageuza karatasi na kuendelea nyuma. Na aliandika kwa Kiswahili, yeye ambaye hata tangazo la kufunga mlango wa choo aliliandika kwa Kifaransa. Alipomaliza alinipa nisome kama kuna makosa.

*Mama, alikufa saa mbili kasoro robo ya asubuhi. Mi nilikuwa inje, habakuniacha niingie. Infirmière mwenye alikuwa namuchunga aliniambia aliomba maji, kiisha aliuliza kama mama alikula. Balinipatia saa moja tu ya kuleta nguo. Nilileta robe ya jaune, ile ya rangi ya manjano. Mi sikumuvalisha. Ni batu ba combinaison, benye balijifunika mwili yote, njo balimuvalisha, mi niliona mukono ya robe tu. Ku makaburi tulikuwa mi na yaya, kaka yangu. Hatukuimba. Niliingia ku nyumba saa tisa, karatasi yenu ilikuya, nikaandika bien reçu. Kuanzia ile siku sikufungua karatasi ya mutu. Sina wa kutuma kuwaelezea, njo naandika. Kosa ni yangu.*

Hakukuwa na makosa. Visanduku vyote viwili vilikuwa vitupu.

"Polycarpe," nilisema, na sikumwita chef, "haukutia alama."

"Siwezi."

"Namna gani huwezi? Ni kumusaidia!"

"Nikitia ile ya kwanza, njo kusema nilisikiliza maneno ya mama, nikapima, nikaona iko bien. Mi ni nani wa kupima maneno ya mama mukwe yangu? Mutu anafanya vile kwa mutoto yake ao kwa boyi yake."

Nilimtukana. Siwezi kuandika hapa nilichomwambia, kaka yangu ni padri. Nilimwambia heshima yake italisha wale watoto wanne sufuria tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani alikubaliana nami kwa kila neno, na bado mkono wake haukuweza. Nilimjua miaka mingi. Hakuwa na ubaya, na hasira yangu haikupata mahali pa kushika.

Nikaichukua karatasi kuipeleka kwa Gael. Kutoka meza ya Polycarpe mpaka chumba cha Gael ni hatua kama ishirini. Nilikuwa na biki mkononi, ya rangi ileile. Nilisimama koridoni. Alama ni mistari miwili midogo, nani angejua? Lakini niliogopa sahihi ya uongo kwenye karatasi ya kampuni, na kazi yangu ikaja mbele ya kazi ya Mama Bilonda. Nikabisha mlango.

Gael alisoma, akageuza, akasoma nyuma. Akavua miwani. "Hii naipeleka wapi?" aliuliza. Aliipeleka alikopaswa. Mkurugenzi akaamua kwamba kisanduku kitupu ni sawa na maelezo yasiyoridhisha. Mama Bilonda akaachishwa kazi. Polycarpe akapewa barua ya onyo na akabaki chef, kwa sababu, walisema, alikuwa amekiri mwenyewe na hajawahi kuchelewa. Nilifurahi kwamba siku hiyo sikuwa na kikombe karibu.

Mama Bilonda alikuja Jumatatu kusaini. Alivaa kitenge cha kanisani, akasalimia meza moja moja, akaruka ya Polycarpe kama desturi inavyotaka. Polycarpe alisimama, uso ukielekea dirishani. Gael alimpa barua ya kuachishwa, naye mama akasaini bila kuisoma. Kisha Gael akampa nakala ya demande d'explication, maana sheria inasema mfanyakazi lazima apate nakala yake pamoja na maoni ya chef. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna nini nyuma.

Alivaa miwani. Alisoma akiwa amesimama katikati ya ofisi, polepole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho aligeuza, akaanza tena. Nilisogeza kiti nyuma yake, hakukiona. Nilijiandaa kusikia kilio. Watu wa ofisi ya pili walikuwa wameshatokea mlangoni kutazama.

Hakulia. Alivua miwani, akageuka, akamtazama mkwe wake usoni. Nami nilishtuka, nikataka kufungua mdomo nimpokee neno nilipeleke, kwa mazoea. Hakunihitaji.

"Falonne hakupendaka jaune," alisema.

Polycarpe akaacha dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ile kuona macho yao yakikutana, na machozi ya yule mwanaume yalikuwa yameanza kushuka kabla hajapata sauti.

"Nayua, mama," alisema. "Njo yenye ilikuwa karibu."